Shindano la programu la kimataifa: hakikisha unaruhusiwa ukiwa Mombasa

Nimetoka kumsaidia binti mmoja wa Likoni kujaza karatasi za zawadi yake. Programu yake majaji waliipenda. Kilichobaki kumsumbua ni karatasi. Fuateni hivi.

Hatua ya 1. Soma kanuni rasmi kabla hujaandika hata mstari mmoja wa programu. Tangazo halitoshi. Tafuta kifungu cha wanaoruhusiwa. Kuba, Korea Kaskazini na Krimea hutengwa mara nyingi kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Kenya haina vikwazo hivyo, lakini waandalizi wengine hutaja nchi zinazoruhusiwa peke yake, na kama Kenya haimo, tafuta shindano jingine. Usijifiche kwa VPN, yaani programu ya kuficha uko nchi gani. Zawadi hulipwa baada ya kuhakiki kitambulisho. Kinachotazamwa sana ni unapoishi, kwa hivyo ndugu aliyehamia Dubai asome kanuni kama mkaazi wa huko.

Tazama pia mshindi anapatikana vipi. Akiteuliwa na majaji kwa vigezo, ni shindano la ustadi. Akipatikana kwa droo, sheria za bahati nasibu za kila nchi zinaingia.

Hatua ya 2. Umri: mtu mzima kwa sheria ya Kenya ni mwenye miaka 18.

Hatua ya 3. Ukiwa umeajiriwa, omba ruhusa kwa maandishi. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi uliyoifanya ndani ya ajira yako ni mali ya mwajiri, isipokuwa mmekubaliana vingine.

Hatua ya 4. Fomu ya W-8BEN, ya kodi ya Marekani kwa watu wa nje, ikiwa mlipaji ni wa Marekani. Hapa ndipo saa zinapopotea. Ipakue kwenye tovuti ya IRS yenyewe, mamlaka ya kodi ya Marekani, na uijaze kwa kompyuta, si kwa simu.

Mstari wa 3 unataka makazi yako ya kudumu, na haukubali sanduku la posta. Sisi tumezoea "S.L.P., 80100 Mombasa" na tumemaliza. Hapo andika jengo au nambari ya ploti, barabara, mtaa, kisha Mombasa. Nyumba nyingi za Kisauni na Likoni hazina nambari, basi andika vile vile ilivyo kwenye bili ya umeme au mkataba wa nyumba, maana huenda ukaombwa uthibitisho. Sanduku lako liweke mstari wa 4.

Mstari wa 6a ni PIN ya KRA, nambari yako ya mlipakodi wa Kenya. Tarehe ya kuzaliwa huanza na mwezi: 7 Machi ni 03-07. Sehemu ya pili, ya mkataba wa kodi, iache wazi, kwani Kenya na Marekani hazina mkataba huo. Pato lenye chanzo Marekani hukatwa asilimia 30, kwa hivyo mweleze mlipaji kwa maandishi kwamba kazi yote uliifanyia Kenya.

Hatua ya 5. Jina la akaunti ya benki lilingane na la pasipoti, majina yote matatu, kwa mpangilio ule ule.