Jinsi ya kuomba uhamisho wa mwanafunzi kabla ya usajili wa mtihani wa darasa la saba

Shule za sekondari za vipaji maalumu, kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Kilakala, hazina fomu ambayo mzazi wa darasa la saba anaweza kwenda kuichukua, kwa kuwa wanafunzi wa kidato cha kwanza hupangwa na TAMISEMI kwa kuangalia alama za mtihani wenye masomo 6 na jumla ya alama 300. Kilichobaki mikononi mwa mzazi ni kuhakikisha mtoto anasajiliwa kwa mtihani huo kwa jina sahihi katika shule anayosoma kweli. Na kwa familia zinazofuata dagaa kutoka kisiwa hadi kisiwa, haki ya mtoto hupotelea hapo.

Anza kwa kupata barua ya nafasi katika shule mnayokwenda, uipeleke shule anayotoka pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa, kisha upitishe maombi kwa afisa elimu wa halmashauri. Mihuri hii hupatikana, hasa ukiwahi kabla vikao havijaanza.

Kazi iko kwenye PREM, yaani mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wanafunzi wa shule za msingi. Barua yenye mihuri yote haimhamishi mtoto iwapo namba yake ya PREM haijahama katika mfumo wa Baraza la Mitihani, ambako shule ya zamani inatakiwa kumwachia na shule mpya kumpokea. Mimi niliambiwa kwamba kila kitu ni tayari, nikapanda meli kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, kurudi Mwanza, na shule mpya ilipofungua mfumo ikakuta binti yangu bado yuko Ukerewe. Mwalimu mwenye nywila, nilielezwa, alikuwa semina. Nauli na malazi ya kurudi kumsubiri hayakurejeshwa na yeyote. Kwa hiyo, usiondoke ofisini hadi uwe umepiga simu shule mpya, nao wakuthibitishie kwamba wanaliona jina.

Mzazi wa Capri Point, hapa Mwanza mjini, ambaye mwanawe amesoma shule moja tangu darasa la kwanza hadaiwi lolote kati ya haya, ingawa watoto wote wawili watapimwa kwa alama zilezile. Mfumo unaodai usawa kwenye mtihani ungepaswa kuwataka walimu wakuu wakamilishe uhamisho wenyewe kwa wenyewe.

Orodha ya usajili ikitoka, linganisha kila herufi na cheti cha kuzaliwa, kwani Nyamizi aliyeandikwa Nyamisi ni rahisi kumrekebisha kabla ya mtihani wa Septemba kuliko baada ya matokeo.