Baridi ya Arusha, mafuta ya nazi na chanuo

Mliofuga nywele asilia hapa Arusha, Juni hadi Agosti mafuta ya nazi yanaganda kwenye chupa kama samli. Hayajaharibika. Huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi zetu ni za baridi kuliko hapo. Yahamishie kwenye kopo la mdomo mpana, chota kidogo kwa kidole, sugua viganjani mpaka yayeyuke, ndipo upake kuanzia nchani.

Kifaa ninachokipenda kuliko vyote ni chanuo la meno mapana. Anza kuchana nchani ukipanda juu taratibu, nywele zikiwa na majimaji na mafuta, hazikatiki ovyo. Pasi ya nywele natumia mara chache, na kamwe si kwenye nywele zenye unyevu. Ukisikia chiii na mvuke ukapanda, ujue maji yanachemka ndani ya unywele na kuupasua. Mimi nywele za mbele zilikatika hivyo, zikachukua mwaka mzima kurudi. Kausha kwanza, hata kama daladala inakuacha.

Penseli ya wanja nayo hukakamaa kwa baridi. Ifumbate kiganjani dakika moja kabla ya kuipeleka jichoni.