Hadithi moja, wiki nzima: kumfundisha mtoto tabia na kusoma nyumbani

Mwambie mtoto wa miaka 5 asiwe na tamaa, atakutazama tu. Tamaa haishikiki. Mwonyeshe fisi aliyesimama njia panda, mguu huku na mguu kule, ataelewa bila kuelezwa. Kazi ya mzazi ni kumfikisha hapo kisha kunyamaza, na hapo pa kunyamaza ndipo wengi wanaposhindwa.

Mpango huu unamfaa mtoto wa miaka 4 hadi 7. Sheria ya Elimu ya Tanzania ya mwaka 1978 inataka mtoto aliyefikia umri wa shule ya msingi aandikishwe shule. Kwa hiyo mdogo asome asubuhi nyumbani, na aliyekwisha kuanza shule apewe jioni na Jumamosi. Dakika 20 kwa siku zinatosha. Zikizidi, mtoto anaanza kupiga miayo na hadithi inakuwa kama adhabu.

Chagua hadithi yenye wanyama wawili au watatu, kosa moja, na matokeo yanayotokana na kosa lenyewe. Ikiwa mkosaji anaadhibiwa na mfalme anayetokea mwishoni tu, iache, kwani mtoto atajifunza kumwogopa mfalme badala ya kuliona kosa. Iwe ya dakika 3 au 4 ukiisimulia kwa mdomo. Fisi na njia mbili ni mwanzo mzuri.

Jumatatu usishike kitabu. Keti naye, ita "Hadithi! Hadithi!" na yeye aitike "Hadithi njoo!" Msimulie huku ukimtazama usoni. Fisi ananusa nyama upande wa kulia, ananusa nyama upande wa kushoto, anafika panapogawanyika njia, anataka zote mbili, anatanua miguu mpaka anapasuka msamba. Ukifika mwisho, nyamaza. Usiulize "tunajifunza nini?" Swali hilo mtoto hulijibu kwa wimbo, "tusiwe walafi", na akishaliimba anaacha kufikiri. Akiuliza kama fisi alikufa, mrudishie swali: wewe unaonaje?

Jumanne yeye ndiye msimuliaji. Mpe vizibo viwili vya soda na kijiti: kizibo kimoja ni fisi, kingine ni nyama, na kijiti uchoree njia panda mchangani. Mkiwa ufukweni, kaeni kwenye mchanga mkavu. Asichezee maji ya kingoni, maana ziwa letu, Victoria, lina kichocho. Akiruka sehemu ya hadithi usimkatishe, mwache amalize, kisha uliza, "Kabla ya kupasuka, fisi alikuwa anawaza nini?" Swali lingine lenye nguvu ni hili: "Ni wapi angeweza kugeuka?" Mpe muda wa kuhesabu kimyakimya hadi 10 kabla ya kumsaidia. Wazazi wengi hawafiki hata 3.

Jumatano na Alhamisi ni za kusoma. Chukua kalenda ya zamani, uipindue, uandike kwa kalamu ya wino mzito herufi zenye urefu wa sentimita 3:

Fisi ana njaa.
Fisi ananusa nyama.
Nyama ipo kulia.
Nyama ipo kushoto.
Fisi yupo njia panda.
Mguu mmoja kulia, mguu mmoja kushoto.
Fisi anavuta, anavuta.
Fisi anapasuka msamba.
Fisi hapati nyama.

Mara ya kwanza soma wewe huku kidole kikifuata maneno. Mara ya pili mtoto asome neno "fisi" kila linapotokea. Yapo sita, mwache ayahesabu. Mara ya tatu asome mistari mifupi. Anayeanza ba-be-bi-bo-bu atakwama kwenye "njaa", "nyama" na "kushoto" kwa sababu ya nj, ny na sh. Silabi hizo zifundishe pembeni dakika 5 kabla, usimkwamishe katikati ya hadithi. Na mtoto aliyekulia nyumba ya Kisukuma huenda akasema "kuria" badala ya "kulia", au "kula" pale palipoandikwa "kura". Usimcheke, wala usimrekebishe pale pale. Hadithi ikiisha, mpe maneno mawili mawili ayatamke polepole: kula na kura, mahali na mahari.

Ijumaa ndiyo siku ya tendo, na bila siku hii zilizobaki ni mazungumzo tu. Tendo litoke ndani ya hadithi. Fisi alishindwa kuacha kimoja, basi mtoto afanye zoezi la kuacha kimoja. Mpe shilingi 200 dukani achague karanga au ubuyu. Atataka vyote. Subiri. Usimwongezee hela hata akilia, maana ukiongeza umemwambia kuwa fisi angeweza kufika njia zote mbili. Nyumbani kuna zoezi lingine: agawe michembe (vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa) kwa ndugu zake, na mgawaji awe wa mwisho kuchukua. Utaona mafungu yanavyolingana ghafla.

Kwa wiki zinazofuata, mchunga mifugo mwongo, anayeita watu bure kuwa mbwa mwitu amekuja, anafaa sana huku kwetu, kwa kuwa mtoto wa Usukumani anajua mwano (yowe la kuita msaada) ukipigwa watu huacha kazi na kukimbia. Badala ya mbwa mwitu weka fisi. Tendo lake: mtoto apewe ujumbe mfupi aupeleke kwa jirani na arudi na jibu kama lilivyo, bila kuongeza neno. Kobe na sungura mpe wiki ya kumaliza kazi: kuchambua bakuli dogo la dagaa walioanikwa mchangani, kuondoa mchanga na takataka mpaka mwisho, hata ikimchukua siku mbili.

Sungura mjanja anahitaji uangalifu. Mtoto anampenda kwa sababu anashinda, na asipoongozwa atajifunza kuwa kudanganya ni akili. Usimkataze kumpenda. Muulize tu nani aliumia sungura aliposhinda, na kama aliyeumia alikuwa mkosaji au rafiki. Sungura anayemponyoka simba ni tofauti na sungura anayemwibia mwenzake waliyelima naye, na mtoto wa miaka 6 anaiona tofauti hiyo vizuri.

Kosa linaloharibu kazi yote ni kumwita mtoto kwa jina la mnyama: "Wewe fisi!" Siku hiyo hadithi imekufa, kwa sababu hataki tena kuisikia. Huku kwetu ni vibaya zaidi, kwa kuwa fisi anahusishwa na uchawi, watu husimulia kuwa wachawi humpanda usiku. Ndiyo maana hadithi za fisi ziwe za mchana kwa mtoto mwoga. Vilevile usisimulie hadithi ya mwongo dakika ile ile mtoto amedanganya. Shughulikia kosa kwanza, hadithi isubiri siku mbili tatu.

Wiki 4 zikipita, ya 5 rudini kwenye fisi. Mtoto aisome karatasi ya zamani peke yake. Vitabu vya kuongezea viulizie Maktaba ya Mkoa ya Mwanza, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Karatasi za kalenda zishone kwa uzi upande mmoja, mtoto achore jalada, na kitabu hicho akae nacho yeye mwenyewe, mahali anapofikia bila kuomba.