SOMO: Kunusa manukato dukani bila kugombana na muuzaji wala kujuta ukifika nyumbani

Naandika mara moja ili mtu akiniuliza tena nimrushie hapa, nikalale. Kila wiki napata ujumbe wa aina mbili. Wa kwanza: "Dada, dukani ilinukia kama pepo, nimefika nyumbani inanuka dawa ya mende, nimepigwa feki?" Wa pili: "Muuzaji alininunia na mimi nilikuwa najaribu tu." Mara nyingi hujapigwa feki, na muuzaji hakukununia bure.

Nimesimama nyuma ya kaunta Kariakoo miaka tisa, minne kwenye chupa za kupuliza, mitano kwenye mafuta ya kupima, yaani manukato ya mafuta yanayouzwa kwa kupimwa. Kabla ya hapo nilikuwa mteja msumbufu kuliko ninyi, mtaona hatua ya 6.

1. Nenda bila kujipulizia kitu. Hata losheni yenye harufu kali iache siku hiyo.

2. Chagua muda. Jumanne asubuhi tunapiga stori mpaka chai unapewa. Siku mbili kabla ya Idi, au Jumamosi ya mwisho wa mwezi, usitegemee mtu akushike mkono.

3. Salimia, sema unatafuta nini na una shilingi ngapi. Si aibu. Mwenye elfu 15 ana rafu yake na mwenye laki 3 ana yake. Anayeficha bajeti ndiye ananusishwa chupa ishirini, pua inakufa, anaondoka kichwa kinamgonga na hajanunua.

4. Shika testa tu, ile chupa ya kujaribia. Boksi lenye nailoni halifunguliwi, ukilifungua umenunua.

5. Anza na kikaratasi cha kunusia. Puliza mara moja, kipunge kidogo, hesabu mpaka thelathini ile spiriti iruke, ndiyo unuse. Andika jina kwenye ncha, maana ukifika kikaratasi cha tano hukumbuki kipi ni kipi na unaanza kumwambia muuzaji "ile tamu tamu." Zote ni tamu tamu. Usipulize hewani halafu ukapita katikati kama tangazo la TV. Duka lina futi kumi kwa kumi, feni inazunguka, na nyuma yako kuna mtu mwenye pumu.

6. Mafuta ya kupima. Hapa someni taratibu.

Chupa za mafuta, hasa udi, nyingi kizibo chake kina kijiti cha kioo kinachoingia ndani. Mwaka 2013 nilikuwa natafuta mafuta ya harusi ya dada yangu. Nikaingia kwa mzee mmoja, duka dogo, kofia kichwani, redio inaongea chinichini. Akanitolea kichupa kisichozidi kidole gumba, akachomoa kijiti, akataka kunigusa mgongo wa kiganja. Mteja mwingine akamwita, mzee akakiweka kichupa mezani na kugeuka. Mimi kwa haraka zangu nikachukua kijiti mwenyewe, nikakiburuza kutoka kifundo cha mkono mpaka kwenye kiwiko, kama mtu anayepaka dawa ya kuchua. Mkono ulikuwa na mafuta ya nazi ya asubuhi, na jasho la daladala kutoka Mbagala. Halafu, kwa heshima zote, nikakirudisha kijiti ndani ya chupa.

Mzee aligeuka akaona. Hakupiga kelele. Alikiinua kichupa kwenye mwanga wa taa, nami nikaona: utandu mwembamba, mweupe, unaelea juu ya udi mweusi. Akasema, "Mwanangu, hii ilikuwa ya watu kumi. Sasa ni yako." Laki moja na arobaini. Mkononi nilikuwa na elfu 60 ya viatu. Nikatoa yote, iliyobaki nikailipa kwa miezi miwili. Harusini nilikwenda na viatu vya zamani, nanukia kama sultani.

Kwa hiyo: usichukue kijiti mwenyewe. Nyoosha mgongo wa kiganja, subiri uguswe. Ukiona muuzaji naye anamgusa kila mtu kwa kijiti kilekile na kukirudisha chupani, una haki ya kuomba akudondoshee kwenye kijiti cha pamba au cha meno, kitakachotupwa. Duka linalojiheshimu halitakasirika. Usijipake shingoni wala kifuani dukani. Usifute mkono kwenye kanzu, buibui au pazia la watu. Mafuta ya udi yakiingia kwenye kitambaa cheupe, kitambaa hicho kimebadilisha rangi. Na usichomeke pua kwenye mdomo wa chupa. Pua zina mafua.

7. Ngozi: mbili tu, mkono wa kulia moja, wa kushoto moja. Usisugue. Watu wanasema ukisugua unavunja harufu. Huvunji kitu, unaipasha moto tu, na ile ya mwanzo inaruka kabla hujaisikia.

8. Toka nje. Hii ndiyo wote mnairuka. Limau, ndimu, bergamoti na wenzao ni wepesi, wanaruka ndani ya dakika kumi na tano, nusu saa ikizidi. Wao ndio wanaokuchekea kwenye kaunta. Nyuma yao yanakuja maua na viungo. Vanila, sandali, miski na udi vinachelewa, na ndivyo utakavyolala navyo. Kwa joto la Dar la Januari na Februari safari hiyo inakwenda mbio, lakini bado si ya dakika tano. Nenda ukanunue kitambaa, kunywa dafu, panda mwendokasi ukarudi kesho. Dawa ya mende uliyoisikia nyumbani ilikuwamo tangu dukani, ilikuwa imejificha nyuma ya limau.

9. Kama hujaipenda, sema "asante, haijanikaa." Msiseme "narudi sasa hivi." Tunajua hamrudi, na tumeshaiacha chupa juu ya kaunta tunawasubiri.

Maswali karibuni.

Kijana wa Tabata: Somo refu sana dada. Kwa kifupi, kwa elfu 20 ipi inanukia vizuri?

Mimi: Hatua ya 3, halafu ya 8.

Kijana wa Tabata: Nataja tu jina niende.

Mimi: Silijui jina la ngozi yako.

Mnyalu Mjini: Mkuu, kuna ubaya gani nikipitia dukani najipulizia testa kabla ya mtoko? Si ya bure?

Mimi: Si ya bure. Pale nilipokuwa, testa ilikuwa chupa ya kuuza ambayo bosi ameamua kuifungua. Ni mtaji umekaa pale unapungua. Kujaribu ni pulizo moja. Wewe ni yule wa Ijumaa saa kumi na moja jioni, shati limepigwa pasi, unapuliza kwapa mbili na kola halafu unauliza bei ya kitu ambacho hakipo. Tunakujua wote.

Mtu wa Goba: Na ninyi je? Nikiingia na kandambili mnanifuata nyuma kama mwizi, akiingia wa suti anapewa kiti.

Mimi: Wapo wenye tabia hiyo, siwatetei. Ila naomba uelewe kitu kimoja. Mara tatu nimepoteza chupa mikononi mwa watu, na wote watatu walikuwa wamevaa viatu vizuri. Chupa ikipotea inakatwa kwenye mshahara wa aliyesimama, si wa bosi. Kwa hiyo nikisimama karibu nawe naulinda mshahara wangu, kandambili sizioni.

Mtu wa Goba: Hujajibu kuhusu kiti.

Mimi: Kiti kilikuwa kimoja. Sawa, umeshinda.

Bint Upanga: Dada asante sana. Swali: ile kahawa wanayoweka kwenye glasi kaunta, nikinusa inasafisha pua kweli?

Mimi: Swali zuri, na mimi niliwanusisha watu kahawa miaka yote nikijiona mtaalamu. Kuna jaribio lilichapishwa Marekani 2011, watu walinusishwa manukato, kisha wengine wakapewa kahawa, wengine limau, wengine hewa tupu, halafu wakapimwa kama pua imerudi. Kahawa haikuwashinda wenzake. Ukifikiria, kahawa nayo ni harufu nyingine kali unaiongeza kwenye pua iliyochoka. Simama mlangoni dakika chache uvute hewa, au nusa kiwiko chako mwenyewe upande usiopaka kitu. Pua imeshaizoea harufu yako, kwa hiyo inapumzika. Na usivuke manne au matano kwa siku moja.

Bint Upanga: Na kwa nini kitu kilekile kwa rafiki yangu kinadumu mpaka jioni, kwangu baada ya saa mbili kwisha?

Mimi: Ngozi yako ni kavu? Ngozi kavu haishiki. Paka mafuta yasiyo na harufu kwanza, vaselini inatosha, kisha pulizia. Halafu angalia chupa: iliyoandikwa Eau de Toilette ina mafuta ya manukato machache kuliko Eau de Parfum, hata kama jina la mbele ni moja. Na jambo la mwisho, labda haijaisha. Pua yako imeizoea, imeacha kukuarifu. Kabla hujajipulizia mara ya nne ndani ya daladala, muulize jirani.

Mama Shufaa: Mwanangu, shikamoo zako nimezipokea hata kama hukuziandika. Mimi nimelelewa Pangani. Bibi alikuwa anatunga kikuba cha asumini, mkadi, mrehani, na maua ya mlangilangi. Langilangi hiyo siioni tena madukani. Imepotea?

Mimi: Marahaba haijaniangukia, ni yako mama, shikamoo! Haijapotea, imebadilishiwa jina. Langilangi ndiyo hiyo dunia inaiita ylang-ylang. Majirani zetu Komoro wanaikamua kwa mvuke na kuiuza nje, na imo ndani ya manukato ya Chanel No. 5 tangu 1921. Yaani ua la kikuba cha bibi lilifika Paris. Ukiingia duka la mafuta omba langilangi tupu, tone moja kwenye kikaratasi, uiache robo saa. Mwanzoni utasikia kama ndizi mbivu iliyolala, usiikatae. Ikitulia utamwona bibi. Ila usiipake tupu kwenye ngozi, ni kali. Ichanganye na mafuta ya nazi.

Mama Shufaa: Nimelia hapa jikoni, Mungu akubariki.

Fundi Simu: Nimekwama kwenye ule udi wa mzee. Laki na arobaini ya kichupa cha kidole gumba? Mti gani huo?

Mimi: Kilikuwa na robo tola na kitu. Tola moja ni gramu 11.7 hivi. Mti wenyewe, Aquilaria, unaota Asia, kuanzia Assam kule India mpaka Indonesia. Ukiwa mzima mbao yake ni nyeupe, nyepesi, haina harufu ya maana. Ukijeruhiwa na ukungu ukaingia, mti unajitetea kwa kutoa utomvu mzito mweusi, na mbao iliyoloa utomvu huo ndiyo udi. Si kila mti unaugua, na zamani watu walikata misitu kutafuta mmoja mwenye ugonjwa. Ndiyo maana biashara yake leo ipo chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Sasa usichanganye na udi wa kupika kwa sukari tunaofukiza kwenye chetezo. Ule ni mtamu na naupenda, lakini ukiambiwa "udi halisi" kwa elfu 5, elfu 5 hiyo ndiyo jibu.

Abuu wa Ilala: Hizi za kupuliza zina alkoholi. Naweza kuswalia?

Mimi: Wanazuoni wametofautiana, muulize sheikh wako, mimi ni muuza mafuta. Ukitaka kukwepa mjadala, mafuta ya kupima yasiyochanganywa na spiriti yapo. Uliza kabla hujapimiwa, maana wengine wanaongeza ili yapulizike.

Bint Upanga: Nilipaka mafuta ya ndimu nikasimama kituoni, mkono ukawa na mabaka meusi. Ni feki?

Mimi: Pole. Inawezekana kabisa si feki. Mafuta ya ndimu na bergamoti yaliyokamuliwa kwenye maganda yana viini vinavyochoma ngozi ikipigwa jua. Ya aina hiyo tia kwenye nguo nyeusi, au paka jioni. Mabaka yasipopungua muone daktari wa ngozi.

Fundi Simu: Nyongeza kwa wote. Chupa ikiisha msiwape wale wanaopita kununua chupa tupu za pafyumu. Ikwangueni lebo kwanza. Mnadhani zinakwenda wapi?

Mimi: Umesema kweli kuliko mimi. Na msiweke chupa dirishani wala kwenye dashibodi ya gari, joto linaipika. Kabatini, ndani ya boksi lake.

Mnyalu Mjini: Na kwenye friji?

Mimi: Kama friji haina samaki.

Kijana wa Tabata: Dada nipo Msimbazi sasa hivi, nimepaka mbili, kulia na kushoto kama ulivyosema. Kulia tamu balaa. Nilipe?

Mimi: Toka nje.

Kijana wa Tabata: Mvua inanyesha.

Mimi: Simama barazani.

Kijana wa Tabata: Imepita saa nzima, mvua haijakatika. Ya kulia sasa inanuka kama shule. Ya kushoto hata sikuitaka, alinipaka tu muuzaji, naendelea kuinusa.

Mimi: Inaitwaje?

Kijana wa Tabata: Sikuandika.