Jinsi ya kukagua sponji ya godoro kabla hujalipa

Wateja wengi wakiingia dukani, kitu cha kwanza ni kulibonyeza godoro kwa kiganja. Likiwa gumu wanaridhika, likibonyea wanalipita. Kazi yangu ni kukata sponji na kushona magodoro, na karibu kila siku inapita mikononi mwangu sponji ngumu ambayo haitamaliza mwaka. Ugumu ni jinsi sponji inavyokataa kubonyezwa. Densiti ni uzito wa sponji katika meta moja ya ujazo, nayo ndiyo inayoamua godoro litadumu muda gani. Kiwanda kinaweza kuifanya sponji nyepesi iwe ngumu, na kiganja chako hakitajua tofauti.

Hatua ya 1: Tambua aina ya sponji

Sponji ya kawaida ni ya poliurethani. Kemikali mbili za maji maji huchanganywa, zinatoa gesi, na mchanganyiko unaumuka kama unga uliotiwa hamira. Ukiibonyeza na kuachia, inarudi papo hapo.

Sponji ya memori nayo ni poliurethani, ila inalainika taratibu kwa joto la mwili. Weka kiganja, hesabu hadi kumi, kisha uondoe: alama ya vidole itabaki kwa sekunde kadhaa. Aina hii ilitokana na utafiti wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, wa mwaka 1966 kuhusu viti vya ndege. Inafaa mabega na nyonga, lakini huhifadhi joto, kwa hiyo anayetoka jasho sana usiku afikirie mara mbili.

Lateksi hutoka kwenye utomvu wa mpira. Ni nzito, inadunda, na ina matundu ya sindano yaliyopangwa safu. Nyingine huchanganywa na mpira wa kiwandani, hivyo neno "asilia" peke yake halitoshi, uliza asilimia. Mwenye mzio wa mpira aiepuke.

Ya mwisho ni sponji ya vipande: mabaki yaliyosagwa na kugandishwa kwa gundi. Utaijua kwa madoadoa ya rangi.

Hatua ya 2: Soma lebo kabla hujagusa zipu

Tafuta orodha ya vifaa. Ukiona nyuzi za kioo, usifungue kava kabisa, wala usilivue kulifua nyumbani. Marekani, tangu 2007, godoro lazima lipite jaribio la moto wa wazi, na baadhi ya watengenezaji huvalisha sponji soksi ya nyuzi za kioo ili kulipitisha. Soksi hiyo haina neno ikiwa imefunikwa. Kava likivuliwa, nyuzi ndogo kama vumbi linalometameta hutapakaa chumbani, zinawasha ngozi na macho, na kuzisafisha ni kazi kubwa mno.

Hatua ya 3: Lipime

Hapa usiharakishe. Unahitaji futi ya kupimia, kikokotoo cha simu na mizani ya kupimia watu. Panda mizani umelikumbatia godoro, kisha panda peke yako, utoe.

Tuseme godoro lina urefu wa sentimeta 190, upana 120 na kimo 20. Kwa meta: 1.9 mara 1.2 mara 0.2, unapata ujazo wa 0.456. Mizani imesema kilo 11. Toa kava, tukadirie kilo 1.5, inabaki 9.5. Gawa kwa 0.456, densiti ni karibu 21. Kama muuzaji alisema densiti ni 32, sponji peke yake ingepaswa kuwa na kilo 14.6. Hiyo ni tofauti ya kilo tano, wala haielezeki kwa kosa la mizani. Kimo pia pima cha sponji yenyewe, maana wengine huhesabu na unene wa kava lililoshonewa pamba.

Kwa mtu mzima anayelala kila usiku, mimi sishuki chini ya densiti ya 28 kwa sponji ya kawaida, na mwenye mwili mkubwa namwelekeza 32 au zaidi. Sponji ya memori nataka ianzie 50. Namba hizi usizitumie kwa sponji ya vipande, ambayo ni nzito kwa asili yake.

Hatua ya 4: Angalia katikati

Mteja aliwahi kuniletea godoro lililozama. Nilipolichana kwa kisu, kingo zote nne zilikuwa sponji nzuri, upana wa kiganja. Ndani yake palikuwa na vipande vyepesi vya rangi tatu. Dukani alikuwa amebonyeza pembeni. Kwa hiyo, kama lebo haitaji nyuzi za kioo, mwombe muuzaji afungue zipu hadi nusu, uone ndani.

Kisha sugua sponji kwa kitambaa cheusi. Ikiacha unga mweupe na kumeguka kirahisi, huenda imeongezewa chokaa ili iwe nzito, na hesabu yako ya hatua ya 3 haina maana tena. Rangi ya njano isikutishe. Poliurethani hugeuka njano kwa mwanga na hewa.

Hatua ya 5: Usalama

Anayekwambia sponji yake "haina kemikali" mwache. Uliza cheti. CertiPUR-US hukagua sponji ya poliurethani: metali kama risasi na zebaki, fomaldehidi, baadhi ya kemikali za kuzuia moto, na mvuke unaotoka. OEKO-TEX Standard 100 ina daraja la 1 kwa watoto hadi miaka mitatu. Namba ya lebo yake unaweza kuihakiki kwenye tovuti yao ukiwa bado dukani.

Mtoto mchanga alale juu ya godoro gumu, bapa, lisiloacha mwanya kati yake na ukingo wa kitanda. Sponji ya memori usimpe kabisa, kwa kuwa uso ukizama anaweza kukosa hewa. Simpi pia ya vipande wala godoro la zamani: sponji za zamani nyingine zilitiwa pentaBDE, kemikali ya kuzuia moto iliyoingizwa mwaka 2009 kwenye Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kukomesha kemikali zenye sumu zisizooza, na vipande hujui vimetoka wapi.

Poliurethani huwaka upesi, na moshi wake una kaboni monoksidi na sianidi. Mshumaa, sigara na simu inayochajiwa chini ya mto visikaribie kitanda.

Godoro jipya litoe nailoni, fungua madirisha, liache siku mbili au tatu. Harufu ikiendelea kuuma macho baada ya wiki kadhaa, lirudishe.

Hatua ya 6: Risiti

Iandikwe aina ya sponji na densiti. Baada ya mwezi, laza ubao ulionyooka juu ya godoro tupu, pima kina cha shimo katikati na uandike nyuma ya risiti. Rudia kila baada ya miezi mitatu. Shimo likipita sentimeta 3 kabla ya mwaka kwisha, nenda dukani na vipimo hivyo mkononi.