Mbwa wako yuko sawa, au anaumwa?

Jifunze kwanza mazoea ya mbwa wako akiwa mzima. Mbwa wangu Simba, hapa Tabata, Dar es Salaam, hutoa ulimi na kuhema adhuhuri nzima, Januari ndiyo usiseme. Hiyo ni kawaida, maana mbwa hujipoza kwa kuhema. Lakini akihema hivyo usiku, amelala tu na hajakimbia popote, mchunguze.

Inua mdomo wake wa juu utazame ufizi. Bonyeza kwa kidole: akiwa mzima, unakuwa mweupe, kisha rangi inarudi ndani ya sekunde 2. Mwaka juzi ufizi wa Simba ulipauka kama karatasi, nami nikangoja siku mbili nikidhani ni uchovu. Kumbe ni homa ya kupe. Bado inaniuma. Siku hizi nampapasa masikioni na katikati ya vidole kila jioni, nikitafuta kupe.

Kutafuna majani mara mojamoja kusikutishe.

Mbwa mpole akiwa mkali ghafla, anadondosha mate, anapepesuka, usimguse. Huenda ni kichaa cha mbwa. Mwite daktari wa mifugo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali, leo hiihii.