Sauti kwanza, picha safi baadaye

Wewe unayechora katuni za kujitegemea, usianze picha safi, yaani michoro ya mwisho iliyokamilika, kabla sauti haijarekodiwa. Sekunde moja ya katuni kwa kawaida ina fremu 24, yaani picha moja moja zinazopita haraka. Hata ukitumia mchoro mmoja kwa kila fremu mbili, tangazo la sekunde 30 linadai michoro 360. Mteja akibadilisha sentensi moja tu, midomo haiendani tena na maneno! Panga kwanza rasimu za penseli juu ya sauti kwa muda wake halisi, mtumie mteja video hiyo, aikubali kwa maandishi. Msomaji wa sauti akichelewa, jirekodi ukisoma mwenyewe kwenye simu upate kupanga muda, ila michoro ya midomo isubiri sauti yake. Rangi na mandhari baada ya hapo, na malipo ya awamu ya pili yadai hapohapo.